DJ Radi na Ng'ombe wa Pembe Moja

Jumatatu, 16 Juni 2025

Baba mkwe, Mzee Yohanes, amekuja asubuhi. Hata chai hakumaliza. Anataka banda lake la hapa Gendabi, hili ninaloonyeshea filamu. Eti mahindi ya mwaka huu yamekubali, hana pa kuyaweka, na banda alilijenga liwe ghala, si la watu kukaa gizani kutazama Wachina wakirukaruka. Nimempa shikamoo mara mbili ili alainike. Wapi! Ametoa sharti: Jumapili baada ya misa atapita. Akikuta mabenchi yamejaa, mahindi atayatafutia pengine. Akikuta matupu, Jumatatu magunia yanaingia bandani na mimi naingia shambani kwake.

Shambani! Mimi! Patriki, anayejulikana kote kama DJ Radi, mtafsiri wa filamu kwa sauti saba tofauti!

Ukweli niuandike: leo watazamaji walikuwa wanne, na mmoja alikuwa amelala. Wengine wote wako ng'ambo ya barabara kwa Renatus, anakoonyesha mpira. Renatus hatafsiri chochote. Anawasha, anakaa, anakula karanga. Na watu wanajaa!

Mke wangu Justina ameshauri nipunguze kuongea. Nimemweleza kwa saa nzima kwa nini haiwezekani.

Jumanne, 17 Juni

Wazo! Limenijia mnadani, katikati ya ng'ombe. Wafugaji wanapita mlangoni kwangu kila wiki na hakuna anayegeuza shingo. Kwa nini? Nawaonyesha karate. Mfugaji karate ya nini? Anataka ng'ombe. Na filamu za ng'ombe zipo: za kauboi!

Nimepanda bodaboda hadi Katesh kwa fundi wa simu anayeingiza filamu kwenye flashi. Kauboi alikuwa nayo moja tu, ya zamani, kila mtu ameikataa. Nimeichukua. Nikamwambia aongeze na zile za Kikorea, za mapenzi. Akacheka. Nikasema ni za mke wangu.

Si za mke wangu. Justina hazipendi, anasema watu wazima gani wanashikana mkono baada ya miezi sita. Ni zangu. Asubuhi watu wakiwa shambani nafunga mlango, natazama, nalia vizuri, nanawa uso, kisha natoka kutangaza mapigano. Hili halijulikani na halitajulikana. DJ Radi hawezi kulilia harusi ya watu.

Alhamisi, 19 Juni

Ushindi! Mzee Gidamis ameingia bandani na wazee wenzake na fimbo zao. Huyu ni mtu wa ng'ombe wengi, akikaa mahali wengine wanakaa.

Filamu yenyewe ni rahisi. Kauboi anamuaga mwanamke getini, anaswaga ng'ombe kwenda mbali, wanavuka mto, ng'ombe mmoja mwekundu mwenye pembe iliyovunjika anachukuliwa na maji. Nilitafsiri hadi jasho likanitoka. Pale getini, mtu yule aligusa kofia tu akaondoka. Bila neno! Nikamsaidia. Nikamfanya aseme kwamba moyo wake unabaki pale getini, na mvua ikinyesha mwanamke auingize ndani. Nilijishangaa mwenyewe.

Wazee hawakushangaa. Walikuwa wanabishana kama yule ng'ombe wa madoa ana mimba. Mzee Gidamis akalalamika kwamba ng'ombe hawajapumzishwa tangu filamu ianze, na kauboi huyo angekuwa mtoto wake angemchapa. Mwekundu alipozama, banda zima likaguna kwa huzuni.

Wakiondoka, Mzee Gidamis aliuliza kama kesho kuna sehemu ya pili. Nikasema ipo, na ni tamu kuliko hii.

Haipo.

Ijumaa, 20 Juni

Penye nia pana njia. Filamu ni ile ile, ila nimeanzia katikati, nikafika mwisho, nikarudi mwanzo. Nimebadilisha majina, kauboi wa leo nimemfanya mdogo wake yule wa jana, na nimeiita Machozi ya Kauboi. Wazungu wenye kofia nani atawatofautisha?

Hakuna aliyewatofautisha! Nilikuwa nachekelea moyoni. Kisha Mzee Gidamis akainua fimbo, akaielekeza kwenye runinga.

"Ng'ombe huyu alikufa maji jana," akasema. "Leo anakunywa."

Nikajibu upesi kwamba yule ni binti yake, wamefanana. Wazee wakatazamana. Mzee Gidamis akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia ndama kilema.

"Rangi inarithiwa. Pembe iliyovunjika hairithiwi."

Wakatoka mmoja mmoja. Renatus alikuwa amesimama mlangoni kwake na karanga zake, anatabasamu. Nimeona aibu hadi masikioni. Lakini sikati tamaa.

Jumamosi, 21 Juni

Mzee Gidamis amekuja peke yake. Nilidhani amekuja kudai kiingilio chake, nikampa kiti na chai. Kumbe hana kinyongo. Amesema Jumapili watakuja wote, na jamaa zao wa kule Getanuwas, waitazame tena ile ya ng'ombe, lakini kuanzia mwanzo wake hadi mwisho wake. Sharti moja: mimi ninyamaze.

"Ng'ombe wako ni wazuri," akasema. "Sauti yako ndiyo inatufukuza."

Imeniuma. Sitaficha, imeniuma sana. Filamu bila mtafsiri ni ugali bila mboga. Lakini nimefikiria jembe la baba mkwe, nikakubali. Nimeapa mbele ya Justina. Yeye amechukua maiki akaifungia kwenye sanduku la vitenge vyake.

Jumapili, 22 Juni

Walikuja! Mabenchi yalijaa, wengine wakakaa chini, wengine wakasimama ukutani na fimbo zao. Wakulima waliotoka misa nao waliingia kuona kuna nini. Baba mkwe aliketi nyuma. Nilimwona akihesabu vichwa. Nilimwona akitikisa kichwa kwa kukubali!

Mimi kimya. Meno nimeyabana.

Nilijua pa kuogopa: getini. Mwanamke akafuta mikono kwenye aproni. Kauboi akagusa kofia. Nikajikumbusha kiapo. Nikajikumbusha jembe. Kauboi akaanza kugeuza farasi. Mwanamke akafungua mdomo kama anataka kusema kitu, halafu akaufunga.

Hapana jamani! Mtu aondoke hivyo hivyo?

Maiki Justina aliificha. Koo langu hakulificha. Nilisimama mbele ya runinga nikamwambia kauboi asiondoke. Kisha nikajijibu kwa sauti ya kauboi. Kisha nikawa mwanamke. Nikaimba kidogo. Nikalia, machozi ya kweli, mbele ya watu wote, na siri yangu ya miaka mingi ikaisha papo hapo. Ng'ombe walivuka mto nyuma ya mgongo wangu na hakuna aliyewaona.

Nilipofuta macho, mabenchi yalikuwa matupu. Baba mkwe tu ndiye aliyebaki, akinyoosha mkono kupima ukutani yataingia magunia mangapi.

Jumatatu, 23 Juni

Magunia yameingia. Naandika nikiwa nimekaa juu yao, karibu na dirisha. Jembe liko mlangoni, jipya, baba mkwe amelileta mwenyewe. Amesema debe tupu haliachi kuvuma. Nikamwambia asante.

Mzee Gidamis aliniomba flashi, nikampa kwa heshima. Sasa hivi iko ng'ambo ya barabara. Renatus ameahirisha mpira. Anaonyesha ng'ombe, kimya, na watu wamejaa hadi nje. Nasikia wakiguna mwekundu anapozama.

Nimetafakari kosa langu kwa makini, kama mtu mzima. Nimeliona. Jana nilitafsiri bila maiki. Hawakunisikia vizuri! Wangenisikia, nani angetoka?

Justina ameenda kuchota maji. Ufunguo wa sanduku naujua ulipo. Na nimepima: spika ikikaa juu ya gunia hili, ikielekezwa dirishani, sauti inafika kwa Renatus bila shida. Filamu ndiyo inaanza upya. Getini bado.