Vita vya Waya Uliopungua Shubiri

Sogeeni, enyi wenye masikio, na nyinyi mliofuata umbea tu sogeeni pia, maana leo umbea na historia vimekalia kiti kimoja! Sikieni habari za Msusi, bingwa wa vidole vyepesi, mfumua mafundo yaliyowashinda wenye nguvu, siku alipokusudia kununua gari lake la kwanza la umeme.

Muuzaji alikuwa amemwachia gari ili alijaribu hadi alasiri. Angesita, lingekwenda kwa mwingine. Naye alilitaka kwa moyo wote, kwani mama yake, malkia wa magoti mabovu, alikipanda kilima cha kliniki kwa kuomba lifti, na kuomba huko kulimchosha kuliko magoti yenyewe.

Uani wakajaa washauri, jeshi lisiloalikwa.

"Kwanza rangi, mwanangu," Shangazi akanguruma. "Hii inaonyesha vumbi."

"Redio je?" Jirani akadakia.

Fundi Umeme akainua bisibisi kama mkuki, akanena: "Enyi watu! Rangi haimfikishi mtu kliniki! Anunuaye gari la umeme na aulize afya ya betri, kisha aulize atalichaji wapi kila siku. Betri nimeipima, nzima. Sasa tuone kama waya unafika, kabla dada hajatoa hata senti."

Waya ukatoka kwenye soketi ya barazani, ukajinyoosha kama joka lililoamshwa, ukaelekea tundu la chaji lililokuwa nyuma ya gari, upande wa geti. Ukakoma. Shubiri moja tu ilibaki!

"Vuteni!" akaamuru Shangazi.

"Mtang'oa ukuta!" akalia Fundi.

Jirani akaja mbio na ekstensheni ya redio yake.

"Rudisha hiyo, kaka," Fundi akamzuia. "Waya wake ni mwembamba. Italichaji gari na kuiunguza nyumba."

"Basi tusukume!" akaamuru Shangazi. Ukoo ukainamisha migongo, gari likasogea kidogo, likaibusu ngazi ya baraza kwa adabu.

Mama akapumua. "Acha, mwanangu. Nitaomba lifti kama kawaida."

Maneno hayo yakamchoma Msusi kuliko pasi ya nywele. Akalitazama gari, pua barazani, mkia getini.

"Shangazi, kwa nini hapa tunaingiza magari kwa pua?"

"Babu yako aliingiza kwa pua, baba yako kwa pua! Gari la babu halikuwa na rivasi, tulikuwa tukilitoa kwa kulisukuma. Ndiyo desturi yetu!"

"Hili rivasi linayo."

Ukoo ukageuka kuutazama mkia, kama majeshi yaliyopigana upande usio na adui. Msusi akapanda. Shangazi akaegemea boneti, tayari kusukuma. "Mbona halijawaka?"

"Limewaka zamani, Shangazi, toka!"

Likatoka bila sauti, likageuka barabarani, likarudi kinyumenyume katikati ya nguzo mbili za geti, huku ukoo mzima ukipiga kelele.

"Kata kushoto!"

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwake!"

Hakumsikiliza yeyote. Mkia ukatua barazani, plagi ikazama tunduni, waya ukabaki na ziada ya kujilaza. Taa ikawaka kijani.

Msusi akampigia muuzaji. "Nalichukua." Mama akaagiza viatu vyake vya kliniki vifutwe.

Hivyo ndivyo, mbele ya mashahidi waliokuwa wakisema wote kwa pamoja, ukoo ule mtukufu ulivyoingia katika zama mpya kwa kutanguliza makalio.