Kufuli la Kabati la Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Ushindi! Mimi, mwosha vyombo wa maabara, nimepata tiba. Nilikuwa napeleka chai mhadharani. Profesa akasema seli ikikosa chakula hujila yenyewe: huvunja vikorokoro vyake vilivyochakaa, ikavitumia upya. Hujisafisha, na seli safi si rahisi kugeuka saratani. Ningoje nini tena? Nikatua sinia, mbio hadi kwa shangazi, aliyenilea tangu nina miaka minne na sasa anaugua saratani ya titi. Nimefunga kabati la chakula kwa kufuli. Ufunguo uko ndani ya soksi yangu.

Fundi Kalamu (yule wa hadubini, kalamu nne mfukoni na haandiki kitu) atanikoma.

Jumanne, 4 Machi

Shangazi kakubali shingo upande. Kauliza udaktari nimesomea wapi. Kisha kasema anakwenda kwa jirani kupiga soga. Kaenda mara tatu! Masikini, njaa inamfanya apende watu.

Nafunga pamoja naye. Nilivumilia hadi saa nne asubuhi, nikala mkate wa Fundi Kalamu.

Jumatano, 5 Machi

Balaa! Fundi Kalamu alikuja kuulizia mkate wake, na katika kunigombeza akanieleza nusu ya mhadhara niliyoikimbia. Seli ikishakuwa saratani, mambo hugeuka. Ile inayochomoka kwenye uvimbe na kusafiri mwilini haina chakula njiani. Huponea kwa kujila hivyo hivyo, hadi ipate mahali papya pa kuota. Kumbe seli hizo njaa zimeizoea! Halafu akasema wanaochunguzwa hapa ni seli za kwenye visahani, si mashangazi, na mgonjwa anatakiwa kula.

Siku mbili nimemfungia chakula. Kesho anapimwa uzito. Akiwa amekonda, daktari ataahirisha dawa. Nimelia kwenye sinki. Kufuli nimelitupa jalalani, kisha nimerudi kulichukua, maana ni zima.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata mbinu. Shangazi alipokuwa akinawa uso, nikatia betri kubwa nane kwenye mifuko ya koti lake. Kliniki tukamkuta binamu yangu, binti wa shangazi, muuguzi wa hapo, mtu aliyenichongea utoto mzima. Akamwambia mama yake avue koti. Betri zikatawanyika sakafuni. Moja ikabingirika hadi mlangoni kwa daktari.

Binamu hakupiga kelele. Alisema tu kwamba kipimo cha dawa hufuata uzito, na kwamba nusura mama yake apewe iliyozidi. Sikuwahi kujichukia hivyo.

Shangazi akapanda mzani bila koti. Ameongezeka nusu kilo! Kumbe kila soga kwa jirani ilikuwa na mayai mawili na viazi. Akasema hakutaka kunivunja moyo, nilivyokuwa na furaha na soksi yangu. Dawa amepewa.

Jumatatu, 10 Machi

Picha zimetoka. Dawa za miezi hii zimefanya kazi: uvimbe umenywea, na hakuna dalili ya kuenea. Daktari kasema safari bado ni ndefu, ila tunakwenda vizuri. Shangazi alinishika mkono kama alivyokuwa akinivusha barabara. Nilifurahi hadi nikamkumbatia binamu. Naye akaniapisha hapo hapo: mhadhara wowote niusikilize mpaka mwisho. Nimeapa kwa moyo mmoja.

Fundi Kalamu nimemnunulia mkate. Nimekula nusu.

Jumatano, 26 Machi

Leo profesa kazungumzia usingizi na jinsi unavyousaidia mwili. Mhadhara mtamu ajabu! Nilikaa karibu dakika kumi nzima.

Nimeshamfichia shangazi saa ya ukutani na simu yake, alale mpaka usingizi umwishe. Vyote vimo kabatini. Kufuli limefaa. Kesho ana dawa saa mbili kamili asubuhi, kwa hiyo ni muhimu apumzike.