Ndege Iliyovalishwa Bugaluu

Ilikuwa mwaka 2009, wakati wa kiangazi. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi nje ya duka la fundi cherehani tunayemwita Sindano, nikisubiri gauni aliloniahidi mara tatu, alipotokea kinyozi wa jirani, aitwaye Spika kwa ukubwa wa sauti yake, akipeperusha gazeti.

"Sikilizeni nyie! 'Ndege ya fundi yageuka birika!' Fundi Bati, umetoka gazetini!"

Fundi Bati, aliyeketi kando yangu na ambaye kwa miaka sita alikuwa akiunda ndege ya mtu mmoja nyuma ya nyumba yake kwa injini ya gari, hakuinua uso.

"Wanasema ndege imechemka kabla ya kupaa!"

"Yaliyochemka ni maji ya rejeta," nilimsahihisha. "Ndege haichemki."

"Shikamoo, Bibi. Basi maji. Lakini aibu ni ya ndege."

"Cheka tu," alisema Fundi Bati. "Ijumaa mkaguzi wa ndege anarudi. Injini isipounguruma dakika ishirini bila kuchemsha, kibali sipati. Na mama watoto ameapa: nikikosa kibali, mabawa yanakuwa banda la kuku."

"Loo! Kuku wa daraja la kwanza!"

"Na nani aliniambia nikate mdomo wa kuingizia hewa uwe kama dirisha?"

"Mimi! Na bado nasema, panua! Mdomo mkubwa unameza hewa nyingi."

"Wako uko wazi tangu asubuhi," alisema Sindano, pini akiwa amezibana menoni. "Umempoza nani?"

Hata mimi nilicheka. Sindano akachuchumaa, akachora sakafuni kwa chaki.

"Hewa inakuja mbio. Ukiipokea kwa mlango mpana, inagonga rejeta, inakosa njia, inamwagika pembeni. Shona bugaluu! Gotini pabane, kisha lipanuke polepole mpaka kwenye rejeta. Ikipanuka inatulia, ikitulia inasukuma, inapenya kila tundu."

"Nikilipanua ghafla, kama mwavuli?" aliuliza Fundi Bati.

"Hewa itabanduka ukutani, izunguke pembeni kama mlevi."

"Jamani, ndege sasa inavaa suruali!" alipiga kelele Spika.

Sindano alikata boksi la vitambaa, akalishona kwa waya, nasi sote tukaandamana hadi nyuma ya nyumba. Bugaluu likafungwa, injini ikawashwa. Mama watoto alisimama mlangoni na utepe wa kupimia banda. Saa nilishika mimi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyeaminika kuhesabu.

Dakika ya kumi. "Leteni majani, chai iko tayari!" alisema Spika.

Dakika ya kumi na tano. Spika akasogea kuutazama mshale wa joto.

Dakika ya ishirini na moja, mshale ulikuwa bado mbali na wekundu. Mama watoto akakunja utepe wake.

Fundi Bati aliruka, kisha akanywea. "Boksi mkaguzi hatalikubali. Anataka alumini, na yangu ya mwisho iliishia kwenye lile dirisha."

Tukamtazama Spika. Aliondoka kuelekea dukani kwake. Tukasikia misumari iking'olewa. Akarudi amekumbatia kibao cha duka lake, alumini tupu, chenye picha ya mwanamume aliyenyolewa akicheka.

"Nilikupotezea bati. Hili hapa."

Fundi Bati akachukua mkasi. "Nianze kukata wapi?"

Spika akashusha pumzi. "Mdomoni."