Nusu Kifuniko cha Dawa ya Kupe

Jumatatu, 3 Machi
Leo, mbele ya mke wangu na bata wawili, nimetangaza rasmi vita dhidi ya kupe. Mama mkwe alitukabidhi mtamba wake tumlee. Akizaa, ndama wa kwanza ni wetu. Jumapili anakuja kumkagua. Akimkuta na kupe, anarudi naye kwake. Chupa ya dawa inasema kifuniko kimoja kwa ndoo moja. Nimetia nusu. Mke akauliza kama nimesoma maandishi. Nikamwambia yameandikwa na watu wanaotaka chupa iishe upesi.

Jumatano, 5 Machi
Kupe wapo. Wachache wamekufa, nadhani wazee na wagonjwa. Waliobaki wamenawiri. Jirani kachungulia juu ya ua, akasema, shemeji, hao umewaogesha, bado kuwapaka mafuta. Wivu tu. Nimebadili dawa: ile ilikuwa chupa ya buluu, hii nyekundu. Nusu kifuniko.

Ijumaa, 7 Machi
Bwana mifugo amepita. Akasoma maandishi madogo ya chupa zote mbili, akacheka mpaka akavua miwani. Dawa ni ileile, imebadili shati. Eti dozi hafifu huua kupe dhaifu. Sugu hubaki, wakazaa sugu wenzao. Kumbe mimi, nisiyesomea, nimefuga mbegu bora. Sikuficha fahari yangu. Yeye hakuishiriki. Ameniachia dawa ya aina nyingine kabisa: nipime kifuniko kizima, nimloweshe mtamba hadi masikioni na chini ya mkia. Nikapima kizima mbele yake. Alipokata kona, nikarudisha nusu chupani. Masikioni sikufika. Mtamba hapendi kushikwa masikio, nami namheshimu.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe hata kiti hakukalia. Alitia kidole sikioni mwa mtamba, akatoa kupe mnene kama punje ya mahindi, akaniwekea kiganjani. Akauliza, baba, na huyu unamlea kwa makubaliano gani? Nikasema huyo ni wa jirani, karuka ua. Mke wangu akaenda mwenyewe kuleta kamba. Wakaondoka na mtamba, mtu na mamaye. Mimi sikuombwa kusindikiza.

Jumatatu, 10 Machi
Nimefikiri sana, kosa nimeliona. Ng'ombe ni mkubwa mno, dawa inapotelea njiani. Zizini amebaki mbuzi. Kwa mwili ule, robo kifuniko ni anasa. Nimemnyunyizia asubuhi.

Anajikuna.