Mapazia ya Mama Ndani ya Tuta

Jumatatu, 3 Machi
Mkwe kaja kukagua tuta la udongo nyuma ya nyumba. Kachomeka fimbo kwenye ufa. Fimbo yangu mwenyewe! Akatangaza kwamba likiporomoka tu, nahamia kwake. Nikamwambia nilijenga matuta ya kubebea barabara yeye bado anapakatwa. Akajibu sawa, mzee. Hiyo "sawa, mzee" nitazikwa nayo.
Sihami. Nataka kufia chumba alichofia mke wangu. Basi.

Jumanne, 4 Machi
Dawa ninayo! Udongo hustahimili kukandamizwa, kuvutwa hauwezi. Ukitandika kitambaa kati ya tabaka zake, kitambaa hushika. Ndivyo tulivyofanya kwenye barabara yangu ya kwanza. Vipande vilikuja vifupi. Mke wangu akaviunga kwa cherehani sebuleni, huku akinisuta kwa vumbi nililomletea. Ah, ule mguu wake kwenye pedali!
Sandukuni mna mapazia yake. Nailoni tupu, hayaozi. Nimeiomba radhi picha yake ukutani. Haikukataa.

Alhamisi, 6 Machi
Muuguzi wangu kaenda kliniki. Mtunza bustani kachimba, mimi kitini naamuru kama zamani. Pazia, udongo, shindilia. Pazia, udongo, shindilia. Akauliza kama tunazika mtu au tunatandika kitanda. Mtovu wa adabu! Nilicheka hadi nikapaliwa. Ile harufu ya udongo mbichi, ujana wangu wote umo humo.
Pazia la juu sikulikunja ncha kuingia ndani, kama inavyotakiwa. Nilichoka. Nani ataona?

Jumamosi, 8 Machi
Mvua usiku kucha. Tuta limesimama! Mkwe kaduwaa. Mara binti yangu akaona kitambaa cha maua kimechungulia. Akauliza kama hilo si pazia la mama. Nikapiga kelele asiliguse.
Akavuta.
Tuta lote liko kwenye banda la kuku la jirani. Kuku wazima, wamekasirika tu. Binti alikaa matopeni kalikumbatia pazia, analia na kucheka. Nikakaa naye. Mkwe alitamka neno moja: begi.

Jumatatu, 10 Machi
Kwa mkwe. Chumba kisafi, hakinijui. Lakini dirishani naona kilima kidogo nyuma ya gereji, na ukingo wake umeanza kumeguka. Hawajagundua, maskini. Nimelipapasa turubai la gari lake jipya. Zito, imara, pana.
Mkwe anasafiri Ijumaa.