Ratiba ya Kumzika Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Zahanati. Presha iko juu. Muuguzi asema wazee wenye furaha huishi miaka mingi kuliko wenye vinyongo. Nikamuuliza: kwa miaka mingapi hasa, nami nina sabini na tisa? Akasema, "Babu, wewe cheka tu." Jibu gani hilo! Lakini Shemeji, mume wa dada yangu, hucheka tangu alfajiri, na ana themanini na mbili. Hatari. Tulikwisha kukubaliana: atakayetangulia, mwenzake atasoma wasifu wake makaburini. Akinizika yeye, atasimulia nilivyotoa nasaha saa nzima kwenye harusi ya watu nisiowajua, huku binti yangu akiozwa ukumbi wa pili. Haiwezekani. Lazima nimzike mimi.

Jumanne, 4 Machi
Nimebandika ratiba ukutani. Furaha: saa kumi hadi kumi na nusu jioni. Nimecheka peke yangu sebuleni, jicho kwenye saa. Mke wangu amemwita jirani. Jirani ameuliza kama nimepaliwa.

Jumatano, 5 Machi
Presha imepanda! Basi, kama furaha yangu haiongezeki, ya Shemeji ipungue. Nimemfichia kete mbili za drafti. Amecheza kwa vifungo vya koti langu, akanifunga mara sita. Amecheka hadi meno yake ya bandia yakatumbukia kwenye chai. Chai yangu!

Ijumaa, 7 Machi
Silaha ya mwisho. Asubuhi nimemsomea wasifu wake, ambao ninao tayari: kurasa tisa, makosa yake yote, mwaka kwa mwaka. Nilitarajia machozi. Yametoka, ya kicheko! "Shemeji, mbona umesahau nilivyonasa dirishani kwa baba yako, miguu nje, kichwa ndani, nikamwamkia hivyo hivyo? Andika!" Nikaandika. Nilipofika kwenye maamkizi, kalamu ilinidondoka. Tulicheka tukishikana mabega kama walevi. Aibu. Mke wangu safari hii hakumwita mtu.

Jumatatu, 10 Machi
Presha ya Shemeji ni ya kijana. Yangu imeshuka vizuri! Muuguzi ameuliza nilifanya nini. Nimemjibu kwa ufasaha: ratiba. Kicheko cha Ijumaa sikukihesabu. Kilitokea saa nne asubuhi, nje ya muda. Nimeongeza nusu saa nyingine ya kucheka peke yangu. Shemeji nimempiga marufuku kufika hapa. Ananivurugia furaha.