Habari za Ukutani kwa Wafula

Msinicheke kabla sijamaliza. Leo nimejiaibisha mbele ya watu kama arobaini, tena kwa sauti ya juu.

Asubuhi nilikuwa Kianda, hapa hapa Kibera, kwa rafiki yangu Wafula, fundi viatu. Mnajua kuta zake za udongo amezibandika magazeti kwa uji wa unga. Mimi nikifika pale hunywa chai huku nasoma ukuta. (Shule niliacha darasa la sita, kwa hivyo chuo kikuu changu ni kwa Wafula.) Leo, kando ya kalenda, nikaona habari: mwandishi wa vitabu atakuwa kwenye ukumbi mmoja Kawangware, Jumamosi saa nane, akipokea hadithi za vijana. Zilizo nzuri zitachapwa kitabuni.

Na leo ni Jumamosi!

"Wafula, umeona hii?"

"Mimi nilibandika tu, sikusoma. Enda, buda. Ukitajirika usinisahau."

Hadithi ninayo. Miaka miwili natembea nayo kwenye daftari, kila ninakohamia. Nakala ni hiyo moja tu. Nikashika njia, mbio mbio, mpaka Kawangware.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mbele ameketi mzee wa miwani, kalamu mkononi. (Huyo ndiye!) Lakini watu wote kimya, wengine wanapangusa machozi. Nikachanganyikiwa. Halafu nikajiambia, pengine wamesomewa hadithi ya huzuni. Yangu itawachangamsha.

"Kijana, umetoka wapi?" mzee akauliza.

"Kibera, mzee. Nimeleta nilichoandika."

"Vizuri." Akawageukia watu. "Ni salamu za watu wa Kibera. Simama, usome."

Salamu? Sikuelewa. Lakini nimeambiwa nisome, nikasoma:

"Mzee alipokufa, majirani walilia sana. Hawakumlilia yeye. Walililia redio yao, aliyoiazima akafa nayo."

Nikangoja kicheko. Wapi! Mtu akaangusha kikombe. Ndipo nikaiona picha ya mzee mwingine mezani, na maua kando yake. Kumbe ni mkutano wa kupanga mazishi!

Nikafungua kinywa niombe radhi. Mama aliyejifunga kitambaa cheusi kichwani, mjane mwenyewe, akaniwahi.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, mama. Ni hadithi tu..."

"Mwambie huyo mwenye redio, redio yake iko chini ya kitanda. Si angengoja basi tuzike!"

Sasa nikachanganyikiwa kabisa. Mzee wa miwani akaninyang'anya daftari.

"Hili linabaki hapa mpaka mwenye redio aje mwenyewe."

Nikarudi kwa Wafula, tukainua kalenda. Tarehe ilikuwa imejificha chini yake. Gazeti ni la mwaka juzi.

Jamani, anayepita Kawangware kesho anichukulie daftari langu. Aseme redio ni yake. Akipewa vyote viwili, redio tutasikiliza pamoja, bora tu asinicheke.